Nyaya Ndefu

Sabasaba, saa nane mchana, bati linalia kwa jua.
Upepo umebeba nusu ya kiwanja cha jirani
na kuimwaga mezani kwangu:
juu ya mita, juu ya lehemu, ndani ya chai.
Napuliza. Vumbi linaondoka, linarudi na wenzake.

Mashine ya gemu ya Chilongani imelala chali, tumbo wazi.
Ana banda Chang'ombe, televisheni tatu,
shilingi mia tano kwa nusu saa.
Sasa zinacheza mbili, na shule zimefungwa,
watoto wanasukumana kwenye benchi
mpaka anawatenganisha kwa mpini wa fagio.
Anaitaka kesho.
Sijawahi kumwona mteja wa keshokutwa.

Ukiiwasha, taa ya bluu inapepesa mara tatu, inazima.
Umeme upo, nimeupima. Feni inazunguka.
Ugonjwa uko kwenye chipu ya kumbukumbu,
miguu minane, mwili kama ukucha wa mtoto,
na humo ndani mashine imeweka ufunguo wake
usiofanana na wa mashine nyingine yoyote.
Ukiupoteza huo,
umebaki na boksi la plastiki lenye feni.

Nabana klipu. Nukta na mguu wa kwanza vinatazamana.
Soma, naiamuru programa.
FF FF FF FF
FF FF FF FF
ukurasa kwa ukurasa, daftari la mwanafunzi mtoro.
Nasugua miguu kwa spiriti, nabana upya.
Maneno yanakuja! Namshukuru Mungu, mapema mno,
kwani nasoma mara ya pili, nalinganisha,
na faili hizi mbili hazijuani.
Ya tatu inazikana zote.
Shahidi mmoja, kizimba kimoja,
ushahidi wa namna tatu.

Volti? Tatu nukta tatu, kama kitabu chake kinavyotaka.
Nabadili tundu la laptopu. Nabadili klipu.
Naitukana chipu kwa Kigogo, halafu kwa Kiswahili.

"Fundi," anasema Mbeho, mwanafunzi wangu wa wiki ya tatu,
"mbona nyaya ndefu hivi?"

Urefu wa mkono mzima. Nilizipenda
kwa kuwa zinafika popote.

"Kwetu Nkuhungu, siku ya mgao
tunavuta maji kwa mpira toka kwa mama Senyagwa.
Ukipitisha nyumba mbili, yanakuja yanakimbia.
Ukipitisha tano,
yanafika yamechoka."

Nilikaa chuo miaka miwili. Nachukua mkasi.

Urefu wa kidole sasa. Lehemu inatoa moshi.
Soma.
Soma tena.
Linganisha.
Hakuna tofauti, hata baiti moja.
Mbeho keshageuka, anafagia vumbi
ambalo litarudi kabla hajaweka fagio.

Siandiki bado. Nahifadhi kwenye laptopu,
kwenye fleshi, na kwenye simu ya Mbeho.
Natafuta palipooza,
napapandikizia kipande cha mashine ya toleo lilelile;
ufunguo siugusi, naupitia mbali kama kaburi bichi.
Futa. Andika. Hakiki.
Taa inapepesa moja, mbili, tatu,
na ya nne inabaki.

Chilongani analipa nusu.
Nusu nyingine, anasema, baada ya mnada wa Msalato.

Rafu ya juu, chini ya gazeti la zamani,
ipo mashine ya Mwaluko.
Ile niliiandika kabla sijaisoma. Nilikuwa na haraka,
nilidhani naijua.
Namlipa elfu ishirini kila mwezi, imebaki miezi mitatu.

Mbeho anafunua gazeti.
"Na hii je, kwa nyaya fupi?"

Itasomeka, namwambia.
Itasomeka safi, mara mia, bila kosa la baiti.
Itatusomea nilichoandika mimi.